Nimempangia farasi banda Nairobi mara tatu nikiwa mwanafunzi: uzoefu wangu

Kodi ya chumba changu Uthiru ni shilingi 6,500 kwa mwezi, maji juu yangu. Kodi ya kwanza niliyotajiwa kwa ajili ya farasi wangu, kule Karen, ilikuwa 45,000. Mama mwenye mabanda aliitamka kwa upole kabisa, kama anayekutajia bei ya sukuma wiki, nami nikatikisa kichwa nikijifanya nafikiria. Sikuwa na cha kufikiria.

Kabla hamjauliza huyu ni mtoto wa nani mwenye farasi chuoni: baba yangu ni saisi. Ametunza farasi wa polo upande wa Gilgil tangu kabla sijazaliwa, na Karanga alikuwa mmoja wao. Aliumia kano ya mguu wa mbele, ikapona lakini si sawasawa, na farasi wa polo asiyeweza kugeuka ghafla kazi yake imekwisha. Mwenyewe akampa baba, baba akanipa mimi. Ni jike, si mrefu, rangi yake kama njugu zilizokaangwa, na wakati huo alikuwa na miaka 14. Nilipopata nafasi ya kusomea kilimo Upper Kabete tulikubaliana abaki nyumbani. Kisha shambani wakatoa amri kwamba wafanyakazi wasifuge farasi wao wenyewe pale, na tukapewa wiki sita.

Watu wa farasi Nairobi huita huduma hii liveri. Ukilipa liveri kamili, wao humlisha, humsafishia banda, humtoa asubuhi na kumwingiza jioni, wewe unakuja kupanda tu. Ukilipa nusu, kazi mnagawana. Na kuna wanaokukodishia kiwanja na paa basi, mengine utajua mwenyewe. Kwa mwanafunzi hiyo ya mwisho ndiyo inayovutia, mpaka ukumbuke kwamba farasi hali mara mbili kwa siku kama mbwa, na kwamba mhadhara wa saa mbili asubuhi haumsubiri mtu anayechota samadi.

Karen nilipajua kupitia baba, ambaye aliwahi kufanya kazi na mmoja wa masaisi wa pale. Nilipompigia simu kumweleza bei, hata hakuguna. Aliuliza swali moja: "Wanaingizwa saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja na nusu. Akasema basi, mpeleke.

Swali hilo nitalieleza maana wengi wanaotafuta pa kumweka farasi hawalijui. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, vile vidudu vidogo ambavyo hata wavu wa mbu havioni shida kupenya, na usubi huuma zaidi kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Farasi asiye na kinga akiupata, mara nyingi hufa, na hufa vibaya, povu likimtoka puani. Chanjo ipo na huchomwa kila mwaka, lakini virusi vyenyewe ni vya aina tisa na chanjo peke yake haikuruhusu ulale usingizi. Farasi anatakiwa awe ndani kabla jua halijazama, asitoke mpaka limechomoza vizuri. Ukitembelea mahali saa nne asubuhi kila kitu kitakuwa kizuri. Nenda saa kumi na mbili jioni, tena mwezi wa Aprili mvua zikiwa zimekolea, uone nani bado yuko uwanjani.

Huduma ya Karen sina la kuilaumu. Saisi mmoja kwa farasi watatu, nyasi kavu za Boma Rhodes zenye harufu ya jua, shayiri iliyopondwa, pumba za ngano, jiwe la chumvi kwenye kila hori, maji yakibadilishwa bila kuambiwa. Mlinzi wa lango alinielekeza mlango wa wafanyakazi kwa wiki tatu mfululizo. Sikumsahihisha, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na chai, na humo ndimo nilimojifunza nani analipwa nini na farasi wa nani hajapandwa tangu Krismasi. Miezi miwili baba aliilipa kwa kuuza ndama. Mwezi wa tatu hakukuwa na ndama.

Hapo nikafanya kosa ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya.

Niliona tangazo la mahali upande wa Kitengela: shilingi 12,000, kila kitu ndani. Nilikwenda Jumamosi mchana. Uwanja mpana, upepo mzuri, farasi wanne na punda kadhaa, senyenge imekaza. Mwenyewe alikuwa mcheshi, alinipa soda. Tulimhamisha Karanga kwa lori la rafiki wa baba, kibali cha kusafirisha mifugo mkononi (msikiache hicho, vizuizi vya polisi ni vingi kuliko vituo vya mafuta).

Hesabu niliyopaswa kuifanya siku ile nimeifanya baadaye, na nawapa bure. Karanga ana kilo kama 420. Farasi hula nyasi kavu karibu asilimia mbili ya uzito wake kila siku, tuseme kilo nane. Robota moja la Boma Rhodes lina kilo 13 hivi, kwa hiyo anamaliza marobota 18 au 19 kwa mwezi. Wakati ule nilikuwa nikilipata kwa 300, maana yake 5,500 na ushee, na huo ulikuwa msimu wa neema. Kiangazi bei hupanda. Ongeza pumba na chumvi, elfu mbili. Ongeza maranda ya mbao ya kulalia, elfu moja. Kutoka kwenye ile 12,000 kinabaki kama 3,500, na humo mtoe ardhi, maji, senyenge, faida ya mwenyewe, halafu mshahara wa mtu wa kumwangalia farasi. Ukiona hesabu haimfikii mtu, jua hakuna mtu. Na kweli hakukuwa na saisi. Kulikuwa na kijana wa ng'ombe, kijana mzuri tu, ambaye hakuwahi kufundishwa farasi ni mnyama wa namna gani.

Kutoka Uthiru hadi kule ni matatu mbili, na ukikutana na foleni ya Mombasa Road unafika umesahau ulichokuja kufanya. Nikawa naenda Jumamosi tu. Tena kule ni karibu na Mbuga ya Nairobi, na punda milia hupita wanapotaka. Punda milia hubeba virusi vya ule ugonjwa bila wao kuumwa, jambo ambalo baba alinikumbusha baada ya lori kuondoka. Chanjo Karanga alikuwa nayo, nashukuru. Kilichompata kilikuwa kingine.

Jumamosi moja ya Mei nilimkuta amesimama peke yake kichwa chini, masikio yamelegea, wenzake wako upande wa pili. Nikamwinua mdomo: fizi zilikuwa rangi ya manjano, si ule waridi wa kila siku. Akakojoa mbele yangu, mkojo rangi ya kahawa. Nilijua kabla daktari hajafika kwa sababu nimewahi kuona Gilgil: homa ya kupe, ile ya vijidudu vinavyoingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Daktari alimchoma imidokabi, dawa inayomfanya farasi atokwe jasho na kuumwa tumbo kwa muda, kwa hiyo ilibidi nikae naye nikimtembeza mpaka giza. Tumbo la farasi si la kuchezea, maana hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite chote.

Nilimwuliza kijana aliona dalili lini. Akasema, "Alianza kuchagua chakula Jumatano." Jumatano! Siku tatu, na namba yangu ya simu ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye nguzo. Sikumgombeza. Hakuna aliyemwambia kwamba farasi asiyekula ni dharura. Mwenyewe mwenye soda ndiye niliyemgombeza, naye akanijibu kwamba kupe ni wa Mungu.

Daktari na dawa vilinigharimu 14,000, ambazo zilikuwa pesa za HELB, mkopo wetu wa wanafunzi, za muhula mzima. Fomu ya HELB haina kisanduku cha farasi, nimeiangalia. Nilikula githeri ya kibandani hadi Julai.

Mahali nilipo sasa ni shule ndogo ya kupanda farasi, nje kidogo ya Karen ukielekea Ngong. Nilikataa kuiandika jina hapa kwa sababu wana nafasi kumi tu na sitaki nikirudi nikute foleni. Sikuipata kwa tangazo. Nilimpigia yule saisi wa Karen, rafiki wa baba, naye akasema kuna mzee aliyekuwa akifanya kazi na farasi wa mbio kule Ngong Racecourse, sasa yuko mahali fulani, nenda ukamsalimu. Ukitaka ushauri wangu mmoja kuhusu Nairobi, acha kutafuta mabanda na utafute masaisi. Mabanda hubadilisha wenyewe na bei, masaisi wanajuana wote.

Mkataba wetu ni huu. Karanga anafanya kazi siku tatu kwa wiki kwenye masomo ya watoto, kutembea na kukimbia mdogo mdogo tu, haruki kitu kwa sababu ya ile kano, na hapandwi na mtu mwenye zaidi ya kilo 60. Kwa ajili hiyo kodi ilishuka hadi 17,000. Mimi nasafisha mabanda sita Jumamosi na Jumapili asubuhi, ikashuka tena hadi 11,000. Yote tumeyaandika kwenye karatasi, tukatia sahihi, mzee saisi akawa shahidi. Kupogoa kwato ni kila wiki sita na ni juu yangu, lakini Karanga hatumvishi viatu, hivyo si pesa nyingi. Ile 11,000 inatoka kwenye kufundisha hesabu watoto wawili wa jirani, na baba huongeza akiweza.

Usafiri ni afadhali: Uthiru hadi Dagoretti Corner kupitia Kawangware, kisha matatu ya 111. Saa moja na nusu siku nzuri. Kurudi ndiko kwenye vituko. Nikiwa nimetoka kuchota samadi ya farasi sita, kiti cha pembeni yangu hubaki wazi hata matatu ikijaa, na makanga mmoja aliwahi kuniuliza kama natoka kichinjioni.

Siku ya kwanza nilimweleza mzee kisa cha Kitengela, mpaka ile Jumatano. Hakusema kitu. Jumatano iliyofuata, nikiwa kwenye mhadhara wa udongo, simu ikatetemeka: picha ya WhatsApp, kidole gumba cha mzee kimeinua mdomo wa Karanga, fizi za waridi zimejaa skrini. Hakuna maneno. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Sasa ni mwaka na miezi, na kwenye simu yangu nina picha nyingi za fizi za farasi kuliko za watu wa nyumbani. Mwenzangu wa chumbani akiziona kwa bahati mbaya wakati anakula hunitukana.

Si kwamba hapana kasoro. Watoto wapya hung'ang'ania hatamu kama mkono wa mlango wa matatu, na lijamu, kile chuma cha mdomoni, lilishamchubua pembe ya mdomo mara mbili. Nililalamika, wakaanza kuwafundisha kwa kamba kwanza, vizuri. Likizo ya Aprili siku tatu zikawa tano bila mimi kuulizwa. Nilienda na karatasi yetu mkononi, tukaelewana, lakini ningekuwa sina karatasi ningerudi na maneno. Mara moja walimtandika tandiko la farasi mpana kuliko yeye, akatoka uvimbe mgongoni wa saizi ya yai, na wiki mbili hakupandwa. Hapo ndipo utaona tofauti ya kukubaliana afanye kazi na kulipa liveri kamili: farasi wako ni wako, ila si wako peke yako. Kama moyo wako hauwezi kumwona mtoto wa mtu akimpiga visigino farasi uliyelala naye zizini akiwa na homa, tafuta pesa zaidi. Mimi naweza, kwa taabu.

Na wakati wa mitihani nilikosekana wiki tatu. Mabanda yangu sita yalisafishwa na mtu mwingine na nikakatwa 2,000, kama karatasi inavyosema. Muhula ujao nina mafunzo ya kazini miezi mitatu huko Kitale, nimeshaanza kuzungumza na msichana wa mwaka wa pili wa udaktari wa mifugo ambaye anataka kujifunza kupanda na hana woga wa samadi. Mzee amemwambia aje Jumatano, amfundishe kuinua mdomo.

Nyota: Karen tano, kama una ndama wa kutosha. Kitengela moja, nayo ni ya senyenge. Hapa nilipo nne. Ya tano nimeizuia mpaka watakapoziba paa la chumba cha matandiko, maana mvua ya wiki jana imeniotesha ukungu kwenye tandiko la baba.