Kutu walizibia kwa gazeti, juu wakapaka rangi

Hasira haijanitoka, mnivumilie.

Hilux ya marehemu baba ilibeba chumvi huku Lindi miaka mingi, halafu ikalala chini ya mkorosho Mikindani, hatua chache kutoka baharini. Upepo wa pale hata bawaba za madirisha unazila. Injini haikunisumbua: betri mpya, pampu ya mafuta, ikawaka. Shokapu na raba za milango niliagiza Kariakoo zikaja kwa basi, sina neno nazo. Kazi ilikuwa bodi, yaani sakafu upande wa dereva na kingo za chini ya milango.

Nikaipeleka gereji moja Mtwara mjini. Tulikubaliana wakate bati lililooza mpaka wakute chuma kizima, wachomelee bati jipya, ndipo praima, ile rangi ya kwanza ya chini, na rangi yenyewe zifuate. Laki sita na nusu, nikalipa yote. Siku naichukua inang'aa, nililia kweli, nikamwona baba kashika usukani. Mngeniuliza siku ile ningewaambia pelekeni magari yenu huko mmefumba macho.

Masika hayajaisha, naona rangi imevimba chini ya mlango kama ngozi iliyoungua. Nikagusa kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Likadondoka bonge la pati, lile tope la kusawazishia bodi likakauka, nene kama kidole gumba, na nyuma yake gazeti limekunjwakunjwa, limelowa chapa, habari za mpira bado zinasomeka. Gazeti! Pati inanyonya maji, gazeti linayashika, kutu inakula usiku na mchana na wewe huioni. Bora wangeniachia tundu langu.

Nikarudi na lile bonge mkononi. Mwenye gereji hata hakuliangalia. "Dada, magari ya zamani ndivyo yalivyo. Mwambie shemeji aje, tutaelewana." Shemeji yupi? Gari la baba yangu, hela ya korosho zangu, na mwenyewe nimesimama mbele yake!

Nilitaka kuandika kwamba Mtwara hakuna fundi. Nitakuwa muongo. Kijana mmoja wa gereji ileile alinifuata nje: "Dada, sakafu nilichomelea mimi. Kafunue mkeka uangalie." Nikafunua. Nimekwangua, nimegonga kwa nyundo, inalia chuma. Mshono umenyooka, na vitundu vya kutolea maji kaviacha wazi, jambo ambalo wengi huziba kwa kutojua. Kazi safi, sijaona kama ile. Kwa hiyo siwezi kusema gereji nzima ni wezi.

Lakini naye aliwaona wenzake wakishindilia gazeti, akanyamaza! Nikikumbuka hilo, hata sifa nilizompa natamani kuzirudisha.

Jumamosi anakuja nyumbani na mashine yake, tunakata kingo zote mbili. Nimeshamwambia nitakaa hapohapo kwenye kigoda, na rangi haitagusa kitu mpaka kila mshono niupapase kwa mkono wangu.