Nyonga mpya iko safi, ila fizio wao wamenichosha roho (uzoefu wangu)

"Mzee wangu, kwa umri huu tenisi ya nini tena, we kacheze drafti upumzike."

Hayo ndo maneno niliyoambiwa na kijana wa fizio (wale wa mazoezi ya viungo), wiki ya sita baada ya kubadilishiwa nyonga, mimi nimekaa kwenye kile kitanda chao cha mazoezi nimevaa bukta, magongo nimeyaegemeza ukutani, na yeye macho yako kwenye simu. Nimekaa na hii kitu moyoni muda mrefu nikisema ngoja ipite, haipiti, kwa hiyo leo naandika.

Nianze na haki yao kwanza. Operesheni yenyewe sina neno baya hata moja. Nilikuwa nimefika mahali kuvaa soksi ya mguu wa kulia mpaka nisaidiwe, usiku nikigeuka nashtuka kwa maumivu, gegedu lote limelika na kwenye eksrei unaona kabisa mfupa unasagana na mfupa. Daktari wa mifupa akapasua ubavuni mwa paja, akaweka kiungo kipya, kesho yake asubuhi nimesimama na kitembezi. Yale maumivu ya kwenye kinena yanayoshuka mpaka gotini hayajarudi tena mpaka leo. Kidonda kilikuwa kinauma ndiyo, lakini maumivu ya kidonda unajua yanaisha, yale ya zamani yalikuwa hayaishi. Dokta nampa nyota tano na dua juu yake.

Shida ni wale niliokabidhiwa kwao baada ya hapo.

Huduma ya mazoezi inakuja pamoja na operesheni, wiki sita, unaenda pale pale. Siku ya kwanza nikapewa karatasi ya fotokopi, imefotokopiwa mara nyingi mpaka michoro imekuwa vivuli, na zoezi la mwisho limekatwa nusu, unaona miguu tu ya mtu aliyelala, huelewi anafanya nini. Nikauliza hili la mwisho ni lipi, nikajibiwa "hilo siyo lazima". Mazoezi yenyewe: lala chali kaza paja, buruta kisigino uje kwenye kalio, simama, tembea mpaka mlangoni rudi. Na makatazo, usiinamishe nyonga kupita nyuzi 90, usikunje nne, usigeuze mguu kwa ndani. Nilitii kila kitu. Mke wangu aliondoa viti vyote vifupi nyumbani, kitanda tukakiinua, choo tukakiwekea kile kiti cha kuongeza urefu. Hakuna mtu anaweza kusema huyu mzee hakufuata maelekezo.

Sasa lile swali. Nilikuwa nimeliandaa wiki nzima. Nimecheza tenisi zaidi ya miaka 30, siyo kwa hela, ni kwamba ndiyo nilivyo, marafiki zangu wote nimewapata kortini, hata msiba wa baba yangu nilipitia kwa kwenda kupiga mpira ukutani kila jioni mpaka giza. Na kilichonipeleka kupasuliwa ni hicho, kutembea nilikuwa bado natembea kwa kuchechemea hivo hivo. Nikamuuliza, kijana wangu, nitarudi kortini lini na nianzie wapi? Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nataka niwe mkweli, alicheka kama mtu aliyesikia mtoto anauliza kama anaweza kuendesha ndege. Halafu ndo akaniambia habari za drafti.

Nikamwambia mbona Andy Murray, yule staa wa tenisi, aliwekewa chuma kwenye nyonga Januari 2019 na Oktoba mwaka huo huo akachukua kombe Antwerp kule Ubelgiji, fainali kamfunga Wawrinka? Akasema "hao ni mastaa mzee". Na hapa niseme ukweli ambao nimeujua baadaye, Murray hakufanyiwa kama mimi, yeye kichwa cha mfupa wa paja kilibaki kikavishwa kofia ya chuma, mimi kichwa kilikatwa kikatolewa kabisa, kwa hiyo mfano wangu haukuwa sawasawa. Lakini yeye hakuniambia hivyo! Angeniambia hivyo ningemheshimu. Na ningekuwa na akili ya haraka siku ile ningemtajia Tom Watson wa gofu, yule walimbadilishia nyonga nzima Oktoba 2008, Julai 2009 yuko Turnberry kwenye British Open ana miaka 59, amekosa kombe kwenye mashimo ya nyongeza tu. Gofu siyo tenisi, sawa, lakini na drafti siyo gofu.

Akachukua fomu yangu. Akaniambia tembea bila magongo. Nikatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, hatua nane hivi, nikarudi. Akaweka vema kwenye kile kibox cha "anatembea bila msaada", akasaini, basi, nimemaliza. Hatua nane. Hakuna aliyeniambia simama mguu mmoja. Hakuna aliyenigusa kiunoni. HAKUNA. Kumbuka hilo maana ndo kila kitu.

Nikaondoka. Nikajiambia nitaenda taratibu mwenyewe. Kama mwezi wa nne au wa tano hivi baada ya operesheni nikaanza kupiga ukutani, dakika kumi, kumi na tano, hamna maumivu, nikafurahi sana jamani, usiku silali kwa furaha. Baadaye jamaa zangu wakaniita tucheze wawili wawili, wakaniahidi hawatanikimbiza.

Gemu ya pili, mpira unakuja upande wangu wa kulia, wa kawaida kabisa, siyo wa mbali. Napiga hatua, uzito wote unaenda mguu wa kulia, na kiuno upande wa kushoto kikashuka. Sijui nielezeeje. Kama vile unashuka ngazi gizani ukadhani zimeisha kumbe imebaki moja. Hakikuuma. Kilishuka tu, mwili wote ukalala kulia ili nisianguke, raketi ikakwaruza chini, mpira ukapita. Nikasema ni bahati mbaya. Mpira uliofuata hivo hivo. Rafiki yangu akaja mpaka kwenye wavu akaniuliza taratibu, "ndugu yangu, mbona bado unachechemea?" Nami nilikuwa najua nimepona! Nimerudi nyumbani namuuliza mke wangu, ananiambia "mbona unatembea hivyo tangu utoke hospitali, mimi nilidhani ndivyo wanavyotembea waliobadilishiwa." Miezi yote hiyo nayumba kama mtumbwi na mimi sijui, kwa sababu mwenye kazi ya kuniangalia alikuwa anaangalia simu.

Usiku ule sikulala, nikajua chuma kimelegea. Nikakimbilia eksrei. Daktari akaangalia, kila kitu kiko mahali pake, kimeshika vizuri, "chuma hakina shida mzee, tatizo litakuwa misuli, rudi fizio." Rudi fizio! Kwa nani, kwa yule?

Nikatafuta sehemu nyingine. Nikakutana na mama mmoja wa makamo, hana mashine nyingi, ana kioo kikubwa ukutani na stuli. Swali lake la kwanza kabla hata sijakaa: "Baba, unacheza mchezo gani?" Sikutegemea, koo likanikaba nikashindwa kujibu kwa muda. Nikamwambia tenisi. Akasema haya, simama mbele ya kioo, inua mguu wa kushoto, usimamie huo wenye nyonga mpya. Akaweka vidole viwili juu ya mifupa ya kiuno, kimoja kila upande. Nikainua. Kidole chake kilichokuwa upande wangu wa kushoto kikashuka, nakiona kabisa kwenye kioo, na mkanda wa bukta ukawa mshazari. Akasema "umeona?" Nimeona. Haikuchukua hata dakika moja.

Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Pembeni juu ya kalio kuna msuli ambao kazi yake ni kushikilia kiuno kisishuke ukiwa umesimama mguu mmoja, na kutembea kote ni kusimama mguu mmoja kwa zamu, kukimbia ndo zaidi. Ukipasuliwa kwa ubavuni kama mimi, msuli huo unachanwa kidogo ili daktari apite halafu unashonwa. Na tayari ulikuwa umedhoofika kwa miaka ya kuchechemea kabla ya operesheni. Kwa hiyo kiungo ni kipya lakini mshikaji wake amelala, lazima umwamshe, na kulala chali kukaza paja hakumwamshi. Lile zoezi lililokatwa kwenye fotokopi, lile lililokuwa "siyo lazima", nikamletea karatasi akaitambua kwa ile miguu tu, ni la kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Ndilo lililokuwa dawa yangu. Nilitamani kupasua ile karatasi pale pale, akanizuia, akasema tunza ukumbusho.

Siku ya kwanza, ubavu, mgongo na kisigino vimegusa ukuta ili nisidanganye, niliinua mara nne. Ya tano mguu ulitetemeka ukakataa. Mwanaume mzima. Tukaenda hivyo hivyo, mara nne, sita, kumi, halafu kutembea kwa ubavu na bendi ya mpira magotini, halafu kushuka stuli kwa mguu mmoja polepole mbele ya kioo bila kiuno kuyumba. Alikataa kabisa nishike raketi mpaka nisimame sekunde 30 mguu wa kulia mkanda ukiwa sawa. Ilichukua miezi mitatu na kitu. Baada ya hapo ndo akanifundisha kusimama ghafla na kugeuka kwa hatua ndogondogo, badala ya kukanyaga mguu na kuuzungushia mwili juu yake.

Na huyu hakunidanganya. Alisema wawili wawili ndiyo, mmoja kwa mmoja tutazungumza ukifika, kuruka kupiga smeshi hapana, mpira wa miguu sahau kabisa kwa sababu ya kugongana na kuanguka, kuogelea na baiskeli fanya upendavyo. Akasema kiungo kinalika kadiri unavyokitumia, na kwa takwimu zilizopo nyonga kama 58 kati ya 100 ndizo zinafikisha miaka 25, sasa chagua mwenyewe utaitumiaje. Nilimwelewa. Nikichagua kupunguza, nimechagua mimi, baada ya kuambiwa kwa nini. Sikuchaguliwa na mtu aliyenicheka.

Sasa nilitaka nimalizie hapa niweke nyota moja kwa wale wa kwanza. Lakini mke wangu amesoma akaniambia hujawatendea haki, andika na ule usiku. Haya, naandika.

Wiki ya tatu baada ya operesheni shavu la mguu wa kulia lilivimba likawa gumu na la moto, nikafikiri ni uchovu wa mazoezi. Ilikuwa usiku, mke wangu akapiga ile namba iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya fotokopi. Akapokea kijana yule yule. Hakusema subirini kesho. Aliuliza maswali matatu, akasema mzee asikandwe, mguu usichuliwe, nendeni emajensi SASA HIVI, na baada ya nusu saa akapiga yeye mwenyewe kuuliza tumefika. Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa. Nikawekwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda miezi mitatu. Donge lile likipanda kwenye mapafu mtu unakufa, hilo nimeambiwa na daktari usoni. Kwa hiyo kijana aliyenicheka inawezekana kabisa ndiye sababu naandika leo. Najua. Na ndo maana inaniuma zaidi! Siyo mjinga, siyo mvivu, anajua kazi, anajua mguu uliovimba ni hatari. Kwake mimi kuwa hai ilitosha. Hakuona kwamba baada ya kuwa hai kuna kuishi, na kwamba mtu wa miaka 50 na kitu akikuuliza habari ya korti anakuuliza ataishije.

Juzijuzi nilienda kuchukua faili langu pale. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa wazi. Kuna mama kakaa kwenye kile kitanda, magongo ukutani pale pale, anamuuliza kijana kama ataweza kurudi kwaya yake ya kucheza, ile ya kuruka na kuzunguka, na kijana anasema "taratibu mama, taratibu", kalamu iko kwenye fomu. Sikupanga. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama shikamoo, mwambie akusimamishe kwanza mguu mmoja." Kijana akainua kichwa. Alinitambua, akauliza unaendeleaje mzee wangu. Nikamwambia nacheza kila Jumamosi. Hakucheka safari hii. Akamgeukia yule mama akamwambia ashike ukingo wa kitanda asimame, na mimi nikaondoka, sikuona walivyomaliza.

Nyota nilikuwa nimeweka moja, naweka mbili kwa ajili ya ule usiku. Hapana, ngoja. Mbili, lakini faili langu nimelisoma na mle ndani bado limeandikwa "amepona, hana malalamiko". Nina malalamiko. Moja na nusu.