Mzinga wa pau au Langstroth: klabu ya shule Nairobi ianze na upi?

Kwa klabu ya shule ya upili tungeanza na mzinga wa nyuki wa pau, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya mzinga ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, ule unaoitwa KTBH (Kenya Top Bar Hive), uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970. Nyuki wetu huchachamaa upesi, na viwanja vya Nairobi ni finyu, jirani yuko upande wa pili wa ua. Pau zimebanana, hivyo ukiinua moja unafungua upenyo mwembamba tu. Ukiondoa mfuniko wa Langstroth, mzinga wa sanduku wenye fremu za kushikilia masega, nyuki wa fremu zote 10 wanapata mwanga kwa pamoja.

Kila upau uwe na upana wa milimita 32. Ukizidi, nyuki hujenga sega la kukatiza, pau mbili zikashikana, na ukaguzi umekwisha. Paka mstari wa nta katikati, upande wa chini. Sega lishikwe wima daima: halina waya, na likiwa jipya ukililaza bapa hukatika, asali na majana (watoto wa nyuki) vikamwagika chini. Kosa hili wanafunzi hulifanya sana, kwa hiyo wajizoeze kwanza na upau mtupu.

Fremu ya Langstroth ina waya, inageuzika bila hofu, na sega hurudishwa mzingani baada ya kukamuliwa. Asali huwa nyingi zaidi. Lakini unahitaji karatasi za nta, kitenga malkia (wavu wa kumzuia malkia asitage kwenye masega ya asali) na mashine ya kukamulia. KTBH inatosheka na kisu, ndoo na chujio.

Wowote mtakaochagua, fungueni jioni, wanafunzi wengine wakishaondoka.