Mpira wa mafuta unavuja? Tuifungue hii paketi ya klipu za EFI (Carina TI)

Haya wadau, karibuni tena, leo sitaki maneno mengi mwanzoni maana hii kitu imenipandisha mzuka halafu hapohapo ikaniudhi. Gari ni Carina TI, injini 5A ya EFI, yaani petroli inapulizwa na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme, sio kabureta, mnazijua, sianzi kuwasomea cc hapa. Shida ni kwamba asubuhi ukifunua boneti unakutana na harufu ya petroli, na ukichungulia nyuma ya injini mpira wa ritani umelowa. Kwa wageni, ritani ni huu mpira mfupi unaotoka kwenye regyuleta, kidude kinachodhibiti presha ya mafuta, pale mwisho wa reli ya nozeli, lile bomba linalozigawia nozeli petroli, kazi yake kurudisha tangini mafuta yaliyozidi. Umechanika palepale klipu ilipobana. Gari la miaka ya tisini, mpira umeiva na joto la injini miaka yote hiyo, ulitegemea nini?

Sasa nikachukua hii paketi Kariakoo, elfu 18, mita moja ya mpira na klipu 10 ndani. Mtandaoni wanaiuza elfu 30 na pesa ya bodaboda juu yako, sijui wanauza boksi au nini.

Ngoja niwaonyeshe kilichoniudhi kwanza. Boksi linasoma nini hapo? SAE J30 R9, hicho ni kiwango cha mpira wa mafuta. Sawa. Haya tutoe mpira wenyewe, sogeza kamera, soma maandishi ya ubavuni... R7! Boksi R9, mpira R7. R7 mwisho wake psi 50 (psi ni kipimo cha presha), R9 inafika 100. Presha ya EFI kwenye hizi Toyota inacheza psi 38 mpaka 44, kwa hiyo R7 kwenye laini ya presha, ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli, unakuwa umekaa karibu sana na mwisho wake, na joto lile la injini, mi siweki. Ila tuseme ukweli, ritani haina presha ya maana, R7 pale inafaa kabisa na haivunji kanuni yoyote. Kwa hiyo nilitaka kuisiliba hii paketi video nzima lakini kwa kazi ya leo mpira wao utafanya kazi. Kinachoniuma ni boksi kuandikwa uongo, mtu mwingine ataenda kuuweka pasipo pake.

Halafu msije mkakata ule mpira mgumu wa presha wenye vichwa vya chuma vilivyobanwa kiwandani mkaunga kwa mpira na klipu, nimeona kuna chaneli wanafundisha hivyo. Ule ukivuja unabadilishwa mzima, na pale kwenye banjo bolti, ile bolti yenye tundu linalopitisha mafuta, unaweka washa mpya pande zote mbili, za zamani tupa.

Sasa njooni kwenye klipu. Jamani klipu! Hizi ndo zimenifanya niwashe kamera. Hii mkono wa kushoto ni klipu ya kawaida, ile ya mkanda wenye matundu, inauzwa kila duka la hadwea. Naibana kwenye kipande cha mpira... kaza... kaza... unaona umbo lake? Kwenye mpira mwembamba hivi haikai duara, inakuwa yai, maana yake kuna sehemu inabana sana na sehemu haijabana kabisa. Naifungua sasa. Angalia hizo alama, kingo za yale matundu zimeula mpira kama meno, na ukingo wa mkanda umeukata hapa pembeni, pitisha kucha unaisikia kabisa. Mpira mpya huo! Hapo ndipo ufa unapoanzia.

Haya hii ya EFI. Mkanda hauna tundu hata moja, kingo zimekunjwa kwenda nje, na unakaza kwa bolti na nati. Kaza... tena... imekaa duara. Nafungua. Tazama mpira, nyamazeni kidogo, tazama mpira! Kuna mkandamizo tu laini, hakuna mkato. Nitarudia kwa wale mnaoangalia kwa simu ndogo, ya matundu hii hapa, ya EFI hii hapa. Mmeona wenyewe.

Ubaya wake, kila klipu ina saizi yake na haisamehe. Mpira wangu ni milimita 8 kwa ndani, nje unakuja kama 14, kwa hiyo nahitaji ya 13 mpaka 15. Kwenye paketi za saizi hiyo zipo 4 tu, zingine kubwa za kazi gani sijui. Nenda dukani na kipande chako cha zamani, usikisie.

Kabla ya kugusa chochote: injini iwe imepoa, gari liwe nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, kwa hiyo jiko la mkaa la jirani hata kama liko mbali kidogo mwambie alihamishe, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, sio ndani ya buti. Nyanyua kiti cha nyuma, chomoa soketi ya pampu, washa gari liungurume mpaka lizime lenyewe, presha imeisha. Toa hasi ya betri. Kitambaa chini, plaizi kwenye klipu za springi, mpira ukigoma usiuvute kwa nguvu utavunja bomba, uchane kwa urefu. Mpya unasukuma mpaka uvuke lile tuta la bomba, klipu inakaa nyuma ya tuta, sio juu yake. Imeisha.

Wale mnaosema tuzibe kwa sabuni nawaona kwenye komenti. Sabuni ya mche kwenye tundu la tangi inashika kweli kwa sababu petroli haiiyeyushi, lakini ni ya kukufikisha nyumbani, kwenye mpira haina kazi. Na zile gundi za kukanda ni za chuma, mpira unacheza, itabanduka.

Kujaribu, rudisha soketi na betri, fungua kile kiboksi cha DIAGNOSTIC kwenye boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kiwaya, swichi iwe ON. Pampu inazunguka bila injini, kila kitu kimetulia, unamulika na tochi taratibu. Pakavu. Ukimaliza toa kiwaya.

Kwa hiyo paketi nzima sirudii kununua, klipu nitanunua za rejareja na mpira wa R9 kwa mita huku nasoma maandishi. Kingine, video sasa zitatoka Jumapili badala ya Ijumaa, jirani kafungua karakana ya kuchomelea na maiki yangu haimuwezi. Wenye kabureta, yenu inakuja, niandikieni gari gani na inavujia wapi.