Hakunipa mkono: uzoefu wangu wa kupimwa neva kwa stima

Nianze na nyota nilizokipa mtandaoni kituo kilichonipima neva za mikono. Nilitoa moja, nikapandisha hadi mbili kwa sababu ya askari wa getini, na mpaka nimalize kuandika sijui zitakuwa ngapi. Mnisamehe makosa, naandika kwa kidole gumba cha kushoto, na hasira haijapoa.

Mimi ni fundi cherehani, niko Kawangware hapa Nairobi, nashona yunifomu za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa nakata vitambaa vya sketi na kaptura kutoka alfajiri hadi usiku, na makasi yetu si yale ya kukatia karatasi. Tangu mwaka jana, sikumbuki mwezi, kidole gumba, cha shahada na cha kati vikaanza kufa ganzi usiku. Saa nane naamka nakung'uta mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mzee wangu alidhani naota. Mchana sindano inanidondoka na kifungo sikihisi, na fundi asiyehisi kifungo atakula nini?

Pale zahanati ya mtaani nilikutana na daktari kijana. Akaniuliza ni vidole gani hasa, akauliza kama nikikung'uta napata nafuu. Akanigonga kwenye kifundo cha mkono kwa ncha ya kidole chake, shoti ikapita hadi kidole cha kati. Akaniambia nikunje mikono, migongo ya viganja igusane, nikae hivyo dakika moja. Dakika sikuimaliza. Akasema, "Mama, hii ni neva imebanwa hapa kwenye kifundo. Lakini daktari wa upasuaji atataka karatasi ya kipimo cha stima kabla hajakugusa." Huyo kijana hakuwa na mashine yoyote, naomba mkumbuke.

Basi nikaenda kupimwa, kituo kimoja cha huko Upper Hill ambacho sitakitaja, wenyewe wanajijua. Ilikuwa ile baridi ya Julai, manyunyu, mawingu yameshuka hadi kwenye paa za nyumba. Nilipanda matatu ya 46 na kiti nilichopata ni cha kando ya dirisha lisilofunga, kwa hiyo njia nzima nililishikilia kwa mkono ili mvua isininyeshee. Getini askari akaniona, akasema, "Mama, vidole vimekuwa rangi ya zambarau, hebu sogea hapa." Alikuwa na jiko dogo la makaa nyuma ya kibanda chake. Nikamwambia asante baba, nimechelewa, nitaitwa sasa hivi. Nikaingia ndani nikakaa kwenye korido ya vigae karibu saa nzima. Laiti ningekaa kwa yule askari.

Sasa njooni kwa kijana wa mashine. Nimeingia chumbani, nimesema habari ya asubuhi, nimenyoosha mkono kumsalimia. Aliutazama mkono wangu. Akatazama kitanda. "Lala hapo, mathe."

Mkono umebaki hewani. Nina umri wa kumzaa huyo mtoto. Nimelelewa kwamba hata mtu anayekudai unampa mkono kwanza ndipo mgombane. Nikaurudisha mkono kwangu kama mtu aliyekataliwa mkopo, nikalala.

Akabandika elektrodi zake, akaanza kunipiga stima. Siwezi kusema ni maumivu ya kufa mtu, ni kama ile unapogonga kiwiko kwenye meza, ila mara nyingi. Nikashtuka, akasema, "Tulia mathe, ni stima kidogo tu." Nikamwambia kijana, mikono yangu imeganda kwa baridi, si ungesubiri kidogo? Akajibu bila kunitazama, "Itapata joto ikipigwa stima."

Hayo maneno nitakufa nayo.

Nikauliza na ile sindano niliyoambiwa kwamba huchomwa kwenye msuli. Akasema mashine imeshasema yote. Nusu saa haikuisha, elfu kumi na mbili zimekwenda, nikapewa karatasi.

Karatasi ikasema nina ugonjwa wa neva nyingi, mikono yote miwili, hata ile neva ya kidole kidogo ambacho maisha yangu yote hakijawahi kunisumbua. Chini wakaandika chanzo kitafutwe. Mnajua maana ya kutafuta chanzo? Ni kupima sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, na virusi pia. Nililia kwenye matatu. Nikaacha sukari kwenye chai nyumba nzima, na mzee wangu hajanisamehe mpaka leo, anasema alikunywa maji ya majani wiki ngapi sijui kwa kosa la mtu mwingine. Majibu ya damu yakarudi, yote safi. Pesa ya mashono ya muhula mzima iliishia maabara.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu anayesomea utabibu. Alikuja kunisalimia, akaiomba ile karatasi, akaitazama juu mpaka chini, akauliza, "Tata, mbona hakuna joto?" Nikadhani anataka niwashe jiko. Kumbe kwenye ile fomu kuna mahali pa kuandika joto la ngozi, na pale pameachwa kistari.

Akanieleza, na nitaeleza kama fundi, wasomi mnivumilie. Hiyo mashine inapima mwendo wa ujumbe kwenye neva. Neva za mkono zenye afya hukimbia kama mita 50 kwa sekunde, au zaidi. Zangu ziliandikwa 44 na kitu. Lakini neva ni kama mtu wa Nairobi mwezi wa Julai, ikipigwa na baridi haina haraka. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua, mwendo unashuka kama mita 2. Mkono unatakiwa uwe na nyuzi kama 32 ndipo upimwe. Tuseme wangu ulikuwa na 27, hesabu ya darasa la nne hiyo: tano mara mbili, mita 10 zimeliwa na baridi. Zirudishe kwenye 44 uone kama bado kuna ugonjwa.

Tena akanionyesha michoro. Neva ikiharibika kweli, mara nyingi wimbi lake hupungua, linakuwa kijilima. Langu lilikuwa refu. Kumbe baridi hufanya hivyo, huchelewesha wimbi na kulikuza. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa pale pale kwenye karatasi, na aliyeweka sahihi hakuuona, au aliuona akawa na haraka ya kwenda kula. Na hili la mwendo wa neva si jambo la juzi. Mpwa anasema Mjerumani mmoja, Helmholtz, aliupima kwenye neva ya chura mwaka 1850. 1850! Kabla ya reli, kabla hata Nairobi haijaitwa mji.

Nikarudi pale kituoni. Sikwenda kupigana, nilikwenda kuomba kipimo kirudiwe, mikono ikiwa na joto. Dada wa mapokezi akaniambia, "Mashine yetu ni mpya, haikosei." Nikamwambia dada, hata cherehani yangu ilipokuwa mpya, nikiweka uzi vibaya ilishona vibaya. Akaita mgonjwa anayefuata. Hapo ndipo nilipotoa ile nyota moja, nikiwa bado mlangoni.

Mpwa akanitafutia daktari mwingine, mama mtu mzima, bingwa wa neva. Nilichanga tena. Niliingia nikiwa nimejikaza, mikono nimeificha kwenye leso, sikutaka aibu ya mara ya pili. Akainuka kwenye kiti. Akanipa mkono. Na kabla hajauachia akasema, "Mbona barafu hivi? Nikuite nani?" Nikamwambia Mama Brayo. "Mama Brayo, hatugusi mashine mpaka hii mikono iwe ya binadamu." Akaagiza beseni la maji ya moto, taulo, akanibandika kipimajoto kwenye ngozi. Tulikaa tukiongea bei ya vitambaa mpaka kikasoma 32.

Jamani, si kwa ajili ya adabu peke yake ninalia na ule mkono. Kipimo cha kwanza ni salamu! Yule kijana angenishika mkono, hata kwa sekunde mbili, hata kwa kiburi, angejua. Askari alijua kwa macho tu, na hakusomea.

Safari hii neva ya kidole kidogo ilikimbia kama swala, haina neno. Iliyochelewa ni moja, ile ya mediani, inayokwenda kidole gumba, cha shahada na cha kati, na inachelewa mahali pamoja tu, inapopita kwenye kifundo. Kulia kumezidi kushoto, kwa sababu makasi ni ya kulia. Kisha akachoma sindano kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Hiyo inauma, sitawadanganya. Mashine ina spika, unausikia msuli wako. Ukiutuliza unanyamaza kabisa, ukiukaza unanguruma kama mvua kwenye mabati. Akasema kile kimya ndicho habari njema, maana msuli uliopoteza waya zake hunung'unika hata ukiwa umelala. Halafu ukiumia leo ukachomwa sindano kesho, hutaona kitu, hiyo minung'uniko huchukua wiki mbili au tatu kujitokeza.

Nilikuwa tayari kumpa nyota tano. Kisha nikafikiri. Haya yote ndiyo yale yale aliyoniambia kijana wa zahanati kwa kunigonga kidole! Nikamuuliza waziwazi, daktari, kumbe hizi pesa zote zilikuwa za nini?

Akacheka. Akasema hata wao hubishana. Wapo wanaosema hadithi ya mgonjwa ikiwa imenyooka kama yangu, vidole ni vile, usiku unakung'uta, mkono umechunguzwa vizuri, basi stima ni mapambo. Wapo wasiopeleka mtu kwenye kisu bila namba. Na kipimo chenyewe kina watu kinaowakosa, wana ugonjwa kweli na mashine inasema wazima. Wengine hawana shida yoyote ila ukiwapima neva inaonekana imechelewa. Kuna hata neva nyembamba, zile za kuungua na kuchomachoma, mashine hii haizioni kabisa. Hata nani ashike sindano ni mabishano. Marekani chama cha madaktari wa fani hiyo kinashikilia kwamba sindano ni ya daktari mwenyewe, kwa sababu anaamua pa kuchoma kufuatana na anachokisikia, si kama kupiga picha ukaituma kwa mtu mwingine aisome. Kupiga stima juu ya ngozi kunaweza kufanywa na mtaalamu wa mashine, mradi amefunzwa na yupo wa kumsimamia.

Na faida? Akasema inasaidia kutofautisha na tatizo la shingo, kujua neva imeumia kiasi gani, na kama nikipasuliwa na ganzi isiondoke, watakuwa na pa kulinganishia. Nimekubali nusu. Nusu nyingine bado naona elfu zangu.

Kabla sijaanza kuandika nilikuwa nikisema hii mashine ni ya wizi. Naifuta hiyo, mashine haina kosa. Hata yule kijana, nikipoa, najiuliza ana wagonjwa wangapi kwa siku, na kama mwenye kituo aliwahi kununua beseni. Beseni ni shilingi ngapi pale sokoni Gikomba? Pengine hakuna aliyemfundisha. Pengine naye alianza kazi akiwasalimia watu, foleni ikamzoesha.

Nilikuwa nimefika hapo, moyo umelainika, karibu niongeze nyota ya tatu, simu ikalia. Ujumbe kutoka kituoni: "Mteja wetu mpendwa, tunatumaini ulifurahia huduma. Tupe nyota tano!" Nilifurahia! Alama ya mshangao ni ya kwao.

Kwa anayeuliza hali yangu, nalala na banzi kwenye kifundo cha mkono, lile la kufunga kwa mkanda, usiku naamka mara moja badala ya mara nne. Kupasuliwa bado tunafikiria, labda shule zikifunguliwa na kazi ikipungua. Sukari imerudi kwenye chai. Ukienda kupimwa wakati wa baridi vaa glavu njiani, na kabla hujalazwa uliza joto la ngozi ni ngapi. Wakikwambia litapatikana kwa stima, vaa viatu uondoke.

Nyota nimeziacha mbili. Nimetafuta mahali pa kuandika kwamba ni za askari peke yake, hakuna. Kesho huenda nikaziondoa.