Ofisi ya wakili iliyotuandalia barua ya ridhaa ya safari ya mtoto

Binti yetu mwenye umri wa miaka 13 alipoalikwa kwenda Johannesburg na familia ya rafiki yake, tuliandaliwa barua ya ridhaa na ofisi moja ya mawakili iliyoko Posta, Dar es Salaam, ambayo ninaipendekeza kwa moyo wote. Wakili, ambaye pia ni kamishna wa viapo (yaani anaruhusiwa kisheria kushuhudia viapo na saini), hakuridhika na majina na namba za pasipoti pekee, bali alisisitiza tuandike bayana kwamba wazazi wa rafiki yake wanaruhusiwa kuidhinisha matibabu ya dharura, jambo ambalo wengi hulisahau. Mimi na baba wa binti yetu tulisaini mbele ya wakili, naye akagonga muhuri, akaambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa. Foleni ya asubuhi ni ndefu, ila bei ni ya haki.