Antena ya waya wa robo wimbi au ya springi kwa kipima-maji cha LoRa (redio ya umeme mdogo inayotuma data mbali), Dunga, Kisumu

Kwenye 868 MHz, robo wimbi (robo ya urefu wa wimbi la redio) ni milimita 86. Kata waya wa 90, kisha upunguze milimita moja moja huku ukipima. Chini yake weka bamba la chuma lililoungwa na graundi ya saketi. Bila hilo, kebo yenyewe hugeuka antena.

Springi ya sentimita 3 huingia ndani ya boksi, kamba za wavuvi haziigusi. Shida ni betri: ikikaribiana nayo, masafa (frikwensi) ya antena huhama na mawimbi hufifia. Desibeli 2.5 za nguvu ya mawimbi zikipotea, utazirudisha kwa kupandisha SF (mpangilio wa LoRa wa kutandaza ujumbe, hutuma polepole ili usikike vizuri zaidi) kutoka 7 hadi 8, ila muda wa kutuma hukaribia mara mbili, na chaji ndiyo inayolipa. Ufuoni, waya. Springi ibaki kwa vipima-maji vya ndani ya majengo.